Mpiga Gitaa Aliyepita Newala

Katika basi la kutoka Masasi kwenda Newala, Veridiana alikuwa akisoma kwenye simu riwaya ya mpiga gitaa wa roki anayezunguka miji na bendi yake. Mama wa makamo aliyeketi kando yake alikuwa akiisoma pia, wala hakujificha.

“Huyo msichana bado anamngoja?” mama akauliza.

“Anamngoja, mama. Ziara ikiisha atarudi amwoe.”

“Hawarudi hao.”

“Vitabuni wanarudi.”

Mama akageukia dirisha, akaitazama mikorosho. Akasema zamani bendi moja ilikuja kupiga Newala, na mpiga gitaa wao akamwomba maji ya kunywa. Alimpa, ingawa maji hayo aliyafuata mwendo wa saa mbili.

“Akaniambia nimsubiri, kiangazi atarudi. Nikasubiri viangazi vitatu. Kisha nikaolewa na mtu mwema, nimezaa watano. Lakini gitaa likilia popote, mwanangu, nageuka.”

Veridiana, aliyesoma riwaya za mapenzi tele, akaishusha simu mapajani.

Basi likasimama stendi ya Newala. Abiria wakaanza kugombea mlango. Mama hakuinuka.

“Zimebaki kurasa ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Nisomee,” akasema. “Wenye haraka watangulie.”