Nilivyotolewa Kwenye Uwanja wa Daraja

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyetutunza wiki nzima akatukusanya tena hapa mlimani Kilungu tukiwa na pumzi zetu. Asifiwe. Kwa mgeni asiyenijua, naitwa Ndunge, Mama Mwende, mjane wa Musyoka yule fundi wa simu na redio wa Sultan Hamud. Kibanda chake nakiendesha mimi sasa. Nachaji simu, nabadilisha vioo, na kazi ikinishinda nasema imenishinda, jambo ambalo marehemu hakulisema hata siku moja.

Tangu nilipoomba nafasi ya kushuhudia nimesikia minong'ono, ati Mama Mwende leo anakuja kuutubia ule mchezo wake wa kompyuta. Poleni sana. Sikuja kuutukana mchezo. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa mahali nilipokuwa nimejificha ndani yake, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wacha niwaeleze tulivyoanza. Musyoka alileta nyumbani mashine ndogo ya mchezo, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, kioo kimepasuka pembeni. Aliipata kwenye mtumba wa vifaa vya umeme, akaitengeneza ili aiuze. Akaijaribu kidogo kuona kama imepona. Nilijua hapo hapo kwamba haitauzwa. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa vita, lakini si vile vita vya mbio na kelele. Huu ni wa kupanga, kama drafti. Uwanja umegawanywa miraba, una askari wako wachache, unasogeza mmoja mmoja, kisha unamwachia adui naye asogeze. Una wakati wa kufikiri. Una hata wakati wa kwenda kugeuza mahindi jikoni na kurudi.

Basi ikawa kila Jumapili tukitoka hapa kanisani, tumekula, tunakaa barazani. Yeye na mashine, mimi na ungo wa mbaazi ninazochambua, na Mwende katikati, wakati huo bado msichana wa shule. Mchezo ulikubali uwape askari majina unayotaka. Mwenye mkuki tukamwita Musyoka. Mpiga mishale tukamwita Mwende. Na yule wa kutibu wenzake wakiumia, wakampa jina langu mimi. Nilisema mbona mimi ndiye nisiyepigana, Musyoka akanijibu, "Mama Mwende, bila wewe sisi ni maiti." Nikarudi kwa mbaazi zangu nikiwa nimefurahi, ila sikumwonyesha.

Sasa, ndugu zangu, kulikuwa na uwanja mmoja wa mwanzo kabisa, penye daraja, na majambazi dhaifu wenye marungu. Ukishawashinda unaweza kusonga mbele kwenye hadithi, au unaweza kurudi tena hapo darajani uwapige tena, na tena, siku zote wapo. Kila ukipiga, askari wako anajifunza kidogo. Akijifunza vya kutosha anapanda ngazi, tarumbeta ndogo inalia, na unaona mwenyewe kwa macho: nguvu imeongezeka moja, mbio imeongezeka moja. Vijana huita kugrind. Sisi tuliita kulima. Musyoka akisikia tumefika mahali pagumu anasema, "Tulime kidogo kwanza." Tunarudi darajani.

Kuna mtu atauliza, utamu uko wapi kupiga majambazi wale wale mchana kutwa? Huyo hajawahi kulima Ukambani. Sisi tumelima msimu mzima, tumepalilia, tumefukuza ndege, halafu mvua ikakata wakati mahindi yanatoa maua, tukawafungulia ng'ombe wakala mabua. Lakini pale darajani hakuna jasho lililopotea. Ukitoa kidogo unapata kidogo, papo hapo, na hakuna anayekunyang'anya. Nilikuwa naweza kuwa nimechoka, nimekasirika na mteja, nimekosana na Musyoka mwenyewe, lakini ile tarumbeta ikilia naona moyo unakaa. Hata leo nikiikumbuka, na harufu ya chai yenye tangawizi, na jua linaingia barazani mpaka kwenye magoti yetu, nasema wazi mbele yenu: zile Jumapili nazitamani sana. Sijawahi kuwa tajiri kama nilivyokuwa pale.

Mchezo ule ulikuwa na sheria moja kali. Askari akianguka, ameanguka. Harudi tena. Na baada ya daraja kulikuwa na ngome juu ya kilima, ambayo Musyoka aliiogopa kidogo, ingawa hakukubali. Tulifika mlangoni kwake Jumapili moja, akasema, "Tulime kidogo kwanza." Asubuhi iliyofuata akatoka kwenda Nairobi kuchukua vipuri. Mnajua ajali iliyotokea kwenye barabara ya Mombasa. Nyinyi ndio mliokuja kunizikia.

Baada ya mazishi sikulia. Watu walisema nina imani kubwa. Ndugu zangu, haikuwa imani. Nilikuwa nimekauka tu. Nilifungua kibanda, na mchana watu wakipungua natoa mashine chini ya meza, nalima. Namsogeza Musyoka mbele na mkuki wake, namweka Mwende nyuma yake, mimi nawatibu. Hakuna aliyeumia. Na ngome ile sikuigusa. Kwa nini niiguse? Pale darajani wote watatu walikuwa hai.

Ikafika mahali tarumbeta ikaacha kulia. Walikuwa wamefika ngazi ya mwisho, mchezo hauna tena cha kuwaongezea. Majambazi wanawapiga marungu na marungu hayawaingii. Na mimi, dada zangu, nikaendelea kulima. Huo ndio utumwa ninaoushuhudia leo, kulima mahali ambapo hapaoti tena kitu kwa sababu tu ni salama.

Na laiti ningefanya hivyo kwa mashine peke yake. Mwende alimaliza shule akapata nafasi chuo cha wauguzi huko Kitui. Nikamwambia ngoja kidogo, bado hujakomaa, soma kwanza kompyuta hapa Sultan Hamud. Akasoma. Nikamwambia ongeza ushonaji. Akaongeza. Huduma ya kwanza, kusuka nywele, hata kuendesha gari alijifunza, na gari hatuna. Kila kozi inampa cheti, nakitundika ukutani, nafurahi kabisa. Mtoto wangu alikuwa na vyeti vingi kuliko chifu, na alikuwa bado anakaa nami kibandani akipanga chaja. Alipouliza chuo, nikasema mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja, nikasema ujao. Alikuwa akiondoka mezani na kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kisha chuo kikamwambia kwamba safari hii asipofika, nafasi hiyo atapewa mwingine. Aliniambia akiwa ameangalia chini, na mimi nikamjibu kwamba Mungu atafungua mlango mwingine. Nilimtumia Mungu kufunga mlango aliokuwa ameufungua yeye mwenyewe.

Siku chache baadaye zamu ya mwethya ikafika kwangu. Kwa wageni, mwethya ni kikundi chetu cha akina mama. Tunazunguka shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwa mwingine, tunachimba mitaro ya kuzuia udongo usiondoke na maji, na mwenye shamba anapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nilipika sufuria kubwa. Walipofika na majembe yao wakasimama juu ya shamba wakaangalia, kisha wakaangaliana. Hapakuwa na kazi. Tangu Musyoka afariki, kila Jumamosi nilikuwa nikipanda mlimani kuja kuchimba ile ile mitaro. Ilikuwa mirefu, imenyooka, ungeweza kumzika ngamia. Lakini mavuno sikuwa nayo, na kila mmoja wao alijua sababu. Huku kwetu mvua ni fupi, lazima mbegu iingie kwenye vumbi kabla mawingu hayajaja. Mimi nilikuwa nimeacha kupanda hivyo. Nilikuwa nangoja mvua inyeshe, inyeshe tena, udongo ulowe vizuri, niwe na uhakika. Nikipanda, mvua inaondoka.

Mama Kioko, mkubwa wetu wa mwethya, akaniita kando. "Mama Mwende, mitaro yako imetushinda sisi sote kwa uzuri. Mbegu ziko wapi?"

"Nangoja mvua kwanza."

"Unataka ikupigie simu?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo kwa aibu. Lakini yeye hakucheka. Alinishika mkono akasema polepole, kwa Kikamba, kwamba ananionea huruma, lakini kikundi hakijaja kula muthokoi ya bure. Akaingia ghalani akatoka na mahindi na ndengu. Wakapanga mstari, mmoja anapiga shimo, mwingine anatupa mbegu na kufukia kwa mguu. Mwende alikuwa ndiye anayebeba karai la mbegu. Nilisimama pembeni nikiangalia mbegu zangu zinaingia kwenye udongo mkavu kama unga, juu hakuna hata wingu, na kifua kikaniuma kama ninaibiwa. Nilitaka kuwaambia waache. Nikamwangalia mtoto wangu akipita na karai, akiimba na wale akina mama, mrefu, mwenye mabega ya baba yake, na nikaona jambo ambalo kila mtu hapa alikuwa ameshaliona. Alikuwa tayari. Alikuwa tayari kwa muda mrefu sana. Asiyekuwa tayari ni mimi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikaa barazani nikamwita Mwende. Nikatoa mashine. Nikamwambia, "Twende ngomeni." Alinitazama, akavuta kigoda.

Ndugu zangu, tuliingia kama wafalme. Maadui wenye mikuki wakaanguka, wenye mapanga wakakimbia. Nilianza kucheka, nikasema kumbe nilikuwa naogopa hiki. Lakini ngome ile ilikuwa na wachawi, wachawi wa mchezo, Pastor asishtuke, nao hawapigi kwa rungu. Wanarusha moto. Na kule darajani kulima kote kule kulimwongezea Musyoka misuli na ngao, lakini hakukumfundisha hata siku moja kuzuia moto. Hakuna jambazi wa darajani mwenye moto. Tulimsogeza mbele kama kawaida yake, akasimama mbele yetu, wakamchoma mmoja baada ya mwingine, akaanguka. Kabla hajapotea akaandikiwa neno la mwisho pale chini ya kioo. Aliwaambia wenzake waendelee.

Mwende akapaza sauti, "Mum, zima haraka! Tukiwasha tena atakuwa hai."

Ni kweli. Ukizima kabla mchezo haujahifadhi, unarudi nyuma na hakuna kilichotokea. Nilijua hivyo. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi. Na hapo, msiniulize kwa nini Mungu alichagua mashine ya mtumba iliyopasuka kioo, hapo nilisikia moyoni mwangu neno moja lililo wazi kabisa: mwache. Nikaondoa mkono. Nikasema, "Acha, Mwende. Ameenda."

Ndipo nikalia. Nililia kilio ambacho sikukilia kaburini. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani, na Mwende akamwambia ni wa baba. Akanikumbatia, tukalia wote wawili, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni. Nikajifuta uso na kanga nikamwambia mtoto wangu, "Panga nguo zako uende Kitui."

Hakuniuliza mara mbili. Alipanga haraka nisije nikabadili mawazo, kama mnavyojua wasichana. Nilimsindikiza mpaka barabara kubwa, akapanda gari, nikabaki nimesimama. Sitawadanganya kwamba hofu iliisha siku hiyo. Bado ananipigia simu akisema amechoka, masomo ni magumu, kuna mgonjwa alifariki yeye akiwa kwenye zamu, na mimi nataka kupanda gari nikamchukue. Kule chuoni kuna moto ambao vyeti vyangu vya ukutani havikumfundisha kuuzuia. Lakini anaujifunza akiwa huko, na mimi nabaki nikimwombea.

Ndengu zangu? Mchwa walikula sehemu, mvua ilichelewa, zilizobaki zikaota. Sikuvuna kama Mama Kioko. Nilivuna, na nilikuwa nimesahau mavuno yanavyonukia.

Na mchezo bado ninaucheza, niwaambie ukweli wote. Mchana kazi ikipungua natoa mashine, wapo wawili waliobaki, na mara moja moja nawarudisha darajani tulime kidogo kwa ajili ya kumbukumbu. Kisha tunasonga mbele.

Ndugu zangu, najua hapa ndani kuna mtu aliyeshika kitu kwa mikono miwili na kukiita maandalizi. Huenda ni mtoto. Huenda ni huzuni, au wito ambao Mungu alikupa zamani ukasema mwaka ujao. Unachimba mitaro mizuri na mbegu ziko ghalani. Mwamini Mungu, uitie mbegu kwenye vumbi. Sikuahidi kwamba hakuna kitakachoungua. Nakuambia tu kwamba Yeye yuko upande ule wa ngome pia, nimemkuta huko.

Angalieni pale kwenye kwaya, mstari wa pili, kati ya dada wawili wa sauti ya kwanza. Mwanya ule ni wa Mwende. Kila Jumapili nikiingia macho yangu yanakwenda hapo kwanza, na yananiuma. Leo nimesimama hapa kumshukuru Mungu kwa mwanya huo. Mwalimu wa kwaya, nakuomba usiuzibe, lakini usiniulize pia atarudi lini. Aliye na mtu wa kuachilia, aje hapa mbele tuombe pamoja. Nitasimama naye.