Masahihisho Yaliyokataliwa Gazetini

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani na wenzake wa kazi, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, sikuzoea kusoma mbele za watu, kwa hiyo mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kifungua mimba wa karani wa posta na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975, ambako, kwa maneno ya mama, alisoma kila kitu isipokuwa hesabu.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa gazetini kuwa msahihishaji, kazi aliyoihamishia mpaka nyumbani, maana barua nilizomwandikia kutoka bweni zilinirudia zimejaa wino mwekundu. Mwaka 1984 alikabidhiwa ukurasa wa vijana, na tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne.

Sehemu inayofuata baadhi yetu katika familia tulitaka iachwe, lakini marehemu aliiandika mwenyewe akiwa wodini, akafuta mistari yote niliyokuwa nimemsifia katika rasimu yangu, akaniapisha niisome kama ilivyo. Tarehe 11 Juni 1991 alichapa picha ya wanafunzi waliogoma wakiwa juu ya paa la bweni, akawaita mashujaa, picha ikakatwa na kubandikwa kwenye makabati ya shule nyingi, na siku kumi baadaye, katika shule isiyokuwa na mgomo wala malalamiko, wasichana watano walipanda paa ili nao watoke gazetini, mmoja wao, mwenye miaka kumi na sita, akaanguka, hakutembea tena.

Wakubwa wake walisema gazeti halikumsukuma mtu, yeye akasema lilimwonyesha ngazi, akaandika masahihisho, yakakataliwa kwa sababu habari ile haikuwa na uongo hata mmoja. Tangu hapo, kila Alhamisi, aliwasomea wanafunzi watatu ukurasa mzima kabla haujaenda mitamboni, akawauliza kesho watafanya nini baada ya kuusoma, na jibu lilipomtia wasiwasi aliiondoa habari, hata wachapaji wakimfokea kwa kuchelewa. Hakupandishwa cheo tena hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017.

Aliugua figo kuanzia Januari 2018, akafariki tarehe 3 Agosti 2019, saa nne asubuhi.

Masahihisho yake yanasema hivi: katika toleo la tarehe 11 Juni 1991, tuliwaita mashujaa watoto waliokuwa hatarini, tukijua wanaotusoma ni watoto wenzao, kosa ni langu mhariri, na ninamwomba radhi binti aliyeanguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa gazetini, hata waliokasirika sasa hivi. Tunamshukuru pia dada yule, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, ambaye ametuambia bado hajasamehe, ila amekuja kuyasikia yakisomwa.

Kaka, yamesomwa, naye ameyasikia. Pumzika sasa.