Muhuri Aanzie Sehemu ya Ngapi?

Benchi letu liko Tanta, ubavuni mwa mkahawa wa Bayumi, na kisheria sisi tunaolikalia ni abiria. Manispaa ililiweka kwa ajili ya watu wa basi la stesheni. Basi likafutwa kwa amri, lakini amri ya kuliondoa benchi inatoka idara nyingine, na idara hiyo bado inasubiri kuulizwa. Kwa hiyo kila alasiri tunakaa tunangoja basi: Mufti, ambaye ni kinyozi na hakuna jambo asilolitolea fatwa, Dishi, ambaye kanisani kwao anaitwa Wagih na kazi yake ni kufunga madishi ya runinga juu ya mapaa ya watu, Ustadhi Shauki, aliyestaafu majuzi kutoka masjala ya mkoa, na ambaye sisi tunamwita Muhuri, na mimi, kwa sababu dhumna haichezwi na watu watatu. Siku hiyo Muhuri alifika mapema, akaagiza kahawa isiyo na sukari, ile inywewayo matangani. Yeye hunywa kahawa tamu kama sharubati. Bayumi alimwangalia mara mbili kabla ya kuingia jikoni.

– Nani kafa? – akauliza Mufti.

– Hajafa mtu. Runinga imehama.

– Imehamia wapi?

– Chumbani. Na mlango umefungwa.

– Na wewe uko upande gani wa mlango?

– Ningekuwa upande wa ndani ningekuwa hapa nanywa shubiri?

Dishi akazikusanya dhumna akazirudisha kwenye kisanduku. Mambo ya runinga ni mambo ya kitaaluma.

– Hebu eleza taratibu, Ustadhi. Anza mwanzo.

Muhuri akaeleza kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. Mkewe, Mama Hala, hutazama tamthilia iitwayo *Ngazi ya Nyuma*, ya Ramadhani moja ya zamani, ambayo siku hizi hurudiwa kila siku saa kumi na moja za jioni. Miaka yote Muhuri saa hiyo alikuwa ofisini, au njiani, au hapa benchini. Sasa amestaafu. Akaona aketi naye.

– Siku ya kwanza nikauliza, huyu ni nani na yule ni nani. Akasema, tazama, utajua. Nikatazama. Sikujua. Nikauliza tena.

– Uliuliza mara ngapi?

– Kwa kadiri ya mahitaji ya kazi.

– Mungu amrehemu mama wa watu, – akasema Mufti.

– Basi nikafanya juhudi. Nikamtafuta Fuad, tuliyekuwa naye masjala, ambaye mkewe anaijua yote. Akanisimulia. Nikarudi nyumbani nikampa Mama Hala muhtasari.

– Muhtasari wa nini?

– Wa sehemu zilizobaki. Nikamwambia, usijichoshe macho. Ndugu mkubwa ataiuza nyumba, Daulat atashuka kwa ngazi ya nyuma na sanduku lake, hakuna atakayemuaga, mwisho. Dakika mbili. Ofisini kwa muhtasari kama ule mtu anapandishwa cheo.

Dishi akafunika uso kwa mikono yote miwili.

– Akasema nini?

– Alipunguza sauti ya runinga. Akasema, «Shauki, hii naitazama mara ya nne. Mara ya kwanza ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa.»

Mtu akapita na toroli la mikate, tukampisha miguu.

– Ni kweli ulikuwepo? – nikauliza.

– Nadhani nilikuwa nasoma gazeti. – Akakoroga kahawa isiyo na cha kukorogwa. – Jana shemeji yangu alikuja, wakaibeba wao wawili mpaka chumbani. Nikasema nisaidie kushika upande mmoja, wakaniambia pande zote zimeshashikwa.

– Wewe unataka runinga? – akasema Dishi. – Mimi ninayo moja nyumbani, ya mteja aliyehamia Iskandaria, nakufungia leo leo.

– Mimi sitaki runinga, yakhe. Ningetaka runinga si ningekaa kwa Bayumi? Nataka kuingia. Nikigonga ananiuliza, unataka nini? Nikisema nataka kutazama, anasema, utazame nini, wewe hujui hata mmoja mle ndani. Nimekaa na mwanamke huyu umri mzima, sasa nimepata nafasi ya kukaa naye, na saa nzima ya siku iko nyuma ya mlango. Kwa hiyo nimeamua niijue hiyo tamthilia, niipende kama anavyoipenda, ndipo nigonge. Mkwe wangu amenipakulia sehemu zote thelathini kwenye simu. Nyinyi niambieni jambo moja tu. Ni sehemu ipi inayomnasa mtu? Nianzie ya ngapi?

Hilo lilikuwa swali la kweli, na benchi letu linapopewa swali la kweli hukaa vizuri.

Mufti akatangulia, kama ada.

– Ya kwanza. Mwanzo wa ngoma ni lele.

– Nimeijaribu. Mazishi. Watu arobaini wamevaa nyeusi, kila mmoja anamwita mwenzake kwa jina ili sisi tujue. Nikalala kabla maiti hajatoka mlangoni.

– Sehemu ya kwanza haimnasi mtu, – akasema Dishi. – Mimi nawajua watazamaji kutoka juu. Mteja anaweza kukaa na picha ya chenga mwezi mzima asinipigie. Siku moja picha inakatika katikati ya tamthilia, ndipo anapiga mara kumi, analia, ananiita mwanangu. Sasa tazama. Sehemu inayomnasa mtu ni ile aliyoikosa. Hiyo ndiyo isiyomtoka. Anaijaza mwenyewe kichwani, na kichwa chake ni mtunzi bora kuliko wao.

– Kwa hiyo nikose?

– Wewe umeshakosa zote, na hujanaswa. Hapana, umkoseshe yeye. Mimi leo napanda paa lenu, naligeuza dishi kidogo tu, vidole viwili. Runinga inazima. Yeye anafungua mlango. Wewe upo pale na bisibisi.

– Hapo nimekupata, – akasema Mufti. – Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Dishi liko juu ya paa, Mufti.

– Basi ainame huko huko juu.

Muhuri akalifikiria. Nilimwona akilifikiria, na naapa alikuwa anatafuta ni ibara ya ngapi inayoruhusu. Mwisho akatikisa kichwa.

– Atajua. Huwa anajua. Na mimi sijawahi kushika bisibisi.

– Basi siri ni chakula, – Mufti akarukia upande mwingine bila kupumzika. – Nisikilizeni. Tamthilia za Ramadhani zinaingia wakati gani? Mtu ametoka kufuturu. Damu yote iko tumboni, akili imelegea, hapo ukimwonyesha hata ukuta ataupenda. Mimi ile ya mwaka ule wa joto kali nilinaswa na sehemu ya sita, na siku ya sita tulikula bata. Mpaka leo nikisikia muziki wake nasikia harufu ya bata. Ingia na bata, Ustadhi. Ukipenda boga, penda na ua lake.

– Boga limetoka wapi sasa?

– Linaliwa na bata.

– Tumwingizie mwanamke bata chumbani saa kumi na moja, – nikasema, – halafu tumtegemee afungue mlango kesho pia.

Muhuri akainua kidole, kidole kile kile kilichozoea ofisini kuwaonyesha wananchi waende dirisha jingine.

– Mimi naona mnapotea. Kila faili lina karatasi moja inayolifanya kuwa faili. Kabla ya hiyo ni maombi tu. Niliwahi kupokea faili la mama mmoja aliyedai namba ya nyumba yake. Mtaa wake ulihesabiwa upya, nyumba yake ikarukwa, kumi na mbili ikafuatwa na kumi na sita, kumi na nne hakuna. Ramani ilisema hayupo, na kodi ilisema yupo. Karatasi za mwanzo sikuzisoma, nilizipiga muhuri tu. Kwenye karatasi ya katikati akaandika kwamba tarishi sasa humwachia barua zake kwa jirani, na jirani anazisoma. Hapo nikaketi. Nikalisoma faili lote kutoka mwanzo. Nililichukua mpaka nyumbani, jambo ambalo ni kosa.

– Akapewa namba?

– Nilihamishwa dawati. Lakini nasema, ni katikati. Sehemu ya kumi na tano. Hapo ndipo jambo linapofika kwa mkurugenzi.

– Faili la mama usiyemjua ulilibeba mpaka nyumbani, – akasema Dishi taratibu, – ukalisomea kwenye kiti kile kile?

Muhuri akakishusha kidole. Dishi akajuta, nilimwona. Akajitwika yeye mzigo.

– Mimi kilichoninasa, nikisema kweli, si picha iliyokatika. Nilikuwa Kuwaiti, tunalala wanane chumba kimoja, runinga moja, kila usiku ugomvi wa mpira na miziki. Siku moja ikawa tamthilia ya kwetu, sijui hata mwanzo wake. Mama mmoja anatandika meza, anaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, waje kula. Anarudia. Hawaji, wameshaondoka zamani, yeye anaita tu. Mle chumbani kila mtu akainama akaanza kutafuta viatu vyake, na hakuna aliyekuwa anatoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa rimoti saa ile. Hiyo ilikuwa sehemu ya ngapi? Sijui. Kwangu ndiyo ya kwanza.

– Na bata je? – nikamuuliza Mufti.

Mufti akajikuna shingo kama anayejinyoa.

– Bata alikuwepo. Lakini kwenye sehemu ile kulikuwa na kinyozi mzee, anasema maneno mawili tu, halafu anashika kitana kwa meno ili mikono yote iwe huru. Baba yangu alikuwa akikishika hivyo hivyo. Tulikuwa tumemzika kabla ya Ramadhani. Mwigizaji yule hakurudi tena kwenye tamthilia. Mimi nilikuwa nangoja kila siku, labda mtu atahitaji kunyolewa.

Bayumi, aliyekuja kukusanya vikombe, alisahau kuvikusanya.

Sasa, mwisho wa benchi alikuwa ameketi kijana mmoja aliyehamia mtaani hivi karibuni, juu ya duka la dawa. Jina lake Nadir. Alikuwa na mtungi mtupu wa gesi katikati ya miguu, anasubiri mkokoteni wa gesi upite akabadilishe. Alikuwa ametusikiliza muda wote kwa adabu ya mtu asiyejua kama benchi lina wenyewe.

– Samahani, Ustadhi, – akasema. – Naweza kuuliza?

– Uliza, mwanangu. Hapa wanaouliza ni wachache, wanaojibu ndio wengi.

– Yeye mama mwenyewe ilimnasa sehemu ipi?

Muhuri akaanza kuhesabu kwa vidole.

– Ya… – akasema. Akamtazama Mufti, kana kwamba fatwa ingeweza kutoka huko.

– Usinitazame mimi, – akasema Mufti. – Wangu mimi sijui hata anatazama ipi. Najua tu muziki ukianza, chai inachelewa.

– Wangu anatazama ile ya Kituruki, – Dishi akasema kwa uhakika, kisha uhakika ukapungua. – Au aliimaliza. Dishi nililifunga mimi mwenyewe, chaneli nilizipanga mimi mwenyewe. Anachokitazama sijawahi kumuuliza.

Na mimi nikainamisha kichwa, nikaziangalia dhumna kwenye kisanduku chake.

– Kijana, umeoa lini? – akauliza Muhuri.

– Baada ya Idi.

– Ndiyo maana bado unauliza.

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayesoma tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi, na tarehe yenyewe ni leo. Kwenye roshani ya ghorofa ya pili upande wa pili wa barabara mtu alifungua sauti ya runinga, na muziki wa *Ngazi ya Nyuma* ukaanza kushuka, kwanza dirisha moja, kisha la pili, kisha mtaa mzima, kila nyumba ikiwa nyuma kidogo ya mwenzake.

Muhuri akasimama. Simu yenye sehemu thelathini akaitia mfukoni.

– Nitamwambia nini? – akauliza, na safari hii hakutaka nadharia.

– Mwambie ulikuwa unasoma gazeti, – akasema Dishi. – Anajua, lakini mwambie. Halafu muulize alichokuuliza huyu.

– Nje ya mlango?

– Popote. Usiandike tu maombi.

Akavuka barabara bila kutazama magari, jambo ambalo Tanta ni la hatari hata kwa asiye na mawazo. Nyumba yake iko pale pale mbele yetu, mlango wa kijani. Tulimwona akiingia. Mkokoteni wa gesi ukapita ukigonga mitungi yake, Nadir akainuka, akabadilisha mtungi wake, akaondoka nao begani akitusalimu kwa kidevu.

Dishi akajisogeza mpaka ncha ya benchi, akatugeuzia mgongo, akatoa simu.

– Ni mimi. – Akasikiliza. – Hapana, hajafa mtu. Sijaanguka kutoka paa. Nataka kukuuliza kitu, unayo nafasi?

Bayumi alifunika kahawa ya Muhuri kwa kisosi, kwa kuwa akifungiwa mlango yule mtu hana pengine pa kukaa ila hapa. Tukangoja. Muziki ukanyamaza, maneno yakaanza, likaja tangazo la sabuni, likaja la samli. Mlango wa kijani haukufunguka, Muhuri hakutoka. Lilipokuja tangazo la tatu, Bayumi akakitwaa kikombe, akaimwaga kahawa kwenye mfereji, akaingia ndani kukiosha.