Mama Chokaa na Vioo vya Nyumba ya Kona

Ndugu, jamaa na majirani, mke wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chokaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika mtaa wetu huu wa zamani, kwenye chumba cha juu chenye roshani ya mbao, akasoma shule hapahapa mjini, kisha chuo kikuu, alikohitimu usanifu majengo mwaka 1985.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika ofisi ya uhifadhi ya manispaa, akawafundisha mafundi kwamba nyumba zetu za mawe na chokaa zimeegemeana, ukuta mmoja unabeba familia mbili, na saruji haina kazi pale. Walimtania, "Mama, hata chai yako unakorogea chokaa," naye akawajibu, "Ndiyo maana sina ufa."

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, tukajaliwa mabinti wawili, mmoja mwalimu, mwingine muuguzi.

Mwaka huu, mkandarasi alipoanza kuchimba msingi wa ghorofa pembeni ya nyumba ya kona, marehemu aligandisha kwa chokaa vipande vya kioo juu ya nyufa za nyumba hiyo, ili ukuta ukisogea kioo kipasuke na wapangaji wahamishwe. Vioo vilibaki vizima, nikamwambia apumzike, naye akanijibu, "Baba watoto, ni vizima mno."

Asubuhi ya tarehe 3 Juni alikwenda kuvichunguza kwa karibu, akanipigia simu kwamba vyote ni vipya na vimeshikizwa kwa saruji, akawatoa wapangaji wote, na ukuta ukamwangukia akiwa wa mwisho mlangoni. Alifariki hospitalini tarehe 6 Juni.

Simtaji mtu, kwa kuwa sikuona mkono wa mtu, lakini kioo hakijibandiki chenyewe.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliofukua kwa mikono, na wafanyakazi wenzake. Namshukuru pia mkandarasi, aliyefika msibani kabla ya ndugu zangu, akijitolea kuzoa kifusi bure. Ukarimu huo naomba umsubiri mkaguzi, avione kwanza vile vioo.

Wengi mmeniuliza kwa nini binti yetu mkubwa hayupo hapa kumzika mama yake. Amekaa juu ya kile kifusi, kwa sababu tingatinga limepewa kibali cha kukizoa leo, saa hii hii ya mazishi.

Lala kwa amani, mke wangu. Tukishakufukia, sote tunakwenda kukaa na mwanao.