Mistari Miwili ya Majirani

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wana jibu la kila kitu. Asubuhi hiyo Dada Birika, muuza kahawa wao, aliwawekea karatasi ya mahakama kando ya vikombe. Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni kabla ugonjwa wa akili haujampata. Ameacha dawa mwezi wa tatu sasa, na juzi alisimama katikati ya barabara kuu akisimamisha malori ayapime. Sheria mpya inamruhusu hakimu kuamuru mtu wa hali hiyo atibiwe, mradi majirani wawili wasio ndugu watie saini kwamba akitoka watampokea na kumwangalia. Mwisho wa kupeleka ni saa sita mchana, la sivyo hadi mwezi ujao. Dada Birika alikuwa na kalamu mfukoni na roho mkononi.

— Saini tu, jamani. Hapa na hapa.

— Ngoja kwanza, alisema Wakili, ambaye huuza bahasha nje ya mahakama na sheria huzisikilizia dirishani. Samaki mkunje angali mbichi.

— Ana miaka arobaini na miwili, Wakili.

— Ndiyo maana nasema tuwahi.

Kocha, mlinzi wa ghala ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, aligonga benchi.

— Mimi nataka amri! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sindano, kitanda, mlango kufuli. Kwisha!

— Na haki za mtu? alidakia Injinia, fundi redio. Leo wanambeba anayesimamisha malori, kesho wewe unayegombana na televisheni mpira ukichezwa.

— Mimi namwelekeza refa, bwana!

— Na yeye anawaelekeza madereva.

Dada Birika alicheka, maana kucheka ni sehemu ya biashara, kisha akaisogeza karatasi. Injinia akaweka kikombe juu yake.

— Halafu hakimu naye anapimwa na nani? aliuliza Wakili. Mimi nimemsikia akiongea peke yake chooni.

— Sikilizeni, alisema Injinia, akishusha sauti. Akili ni mawimbi. Dawa zinakata mawimbi. Wanataka mtaa mzima unyamaze, halafu wachukue uwanja wa mpira.

— Kina nani?

— Wao.

Wote wakaguna kwa kuelewa. Dada Birika aliitua birika kwa kishindo. Juzi lori lilipofunga breki, watatu hawa walikimbia kutazama. Aliyeingia barabarani kumvuta ndugu yake ni yeye peke yake, na aproni yake kiunoni.

— Mnakunywa kwangu mwaka wa sita huu, alisema. Nimewahi kuwaomba nini?

— Dada, haraka haraka haina baraka, alisema Wakili.

— Waambie malori.

Ndipo Mkaguzi mwenyewe akatokea, ndala mguu mmoja, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Asubuhi huwa ana saa zake za utulivu. Aliwaamkia mmoja mmoja, akakiondoa kikombe, akaisoma karatasi kutoka juu hadi yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna aliyeyasoma. Palikuwa na mstari wa mgonjwa, kama anakubali mwenyewe. Akaomba kalamu, akatia saini taratibu.

— Umekubali? Wakili alishangaa. Bila amri?

— Nimechoka, kaka. Hizi sauti hazinipi hata nafasi ya kulala.

Dada Birika alijifuta macho kwa aproni. Benchi zima lilikuwa limebishana tangu saa mbili kama alazimishwe au asilazimishwe, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza, hata yeye dada mtu. Hilo lilimuuma.

Mkaguzi alipitisha kidole kwenye ile mistari miwili mitupu.

— Siku wakiniruhusu, nani atakuja kunichukua?

— Mimi, alisema dada yake upesi.

— Wewe najua, dada. Nauliza hawa.

Kocha alianza kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa. Injinia alikumbuka redio ya mtu. Wakili alinyoosha kikombe chake aongezewe.

Dada Birika hakummiminia.