Tope la Ndiva Lilinisimamisha Mahakamani

Bwana asifiwe sana, watu wa Suji, asifiwe hadi kule nyuma! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Nakijwa, binti yenu, wakili wa kesi za hataza, yaani haki ya aliyebuni kitu ili wengine wasikiige bila ruhusa. Leo nimekuja kujisifu, ila najisifu katika Bwana!

Ndugu zangu, fizikia ilinishinda, mnajua! Nilisoma historia na Kiswahili, kisha sheria. Nilipotaka kesi za hataza, mawakili wenzangu walicheka. "Dada, hizo ni za waliosoma uhandisi. Tafuta kesi za mirathi." Niliumia, nikaomba, nikang'ang'ana.

Ndipo akaja Fundi Mbonea wa Same mjini. Amebuni koki inayojifunga yenyewe tangi likijaa. Kampuni moja ikamshtaki kwamba ameiga yao, ikataka asitengeneze hata moja tena. Karakana anamozitengenezea ndiyo maisha yake!

Siku ya kesi mhandisi wao alieleza mpaka kichwa kikaniuma. Nikaona tumekwisha! Nikasema moyoni, Bwana, nipe swali moja tu. Akanipa tope! Nikajiona msichana tena kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, baragumu limelia, kijiji kizima tumo ndani ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, tunazoa tope lililoziba njia ya maji.

Nikasimama. "Mhandisi, maji ya tope yakipita kwenye koki yenu?"

"Itaziba. Ndani ina kitundu chembamba. Bila hicho haijifungi."

"Hicho kitundu ndicho mlichokiombea hataza?"

"Ndicho hasa."

Nikampa koki ya fundi, imefunguliwa. "Nionyeshe kitundu."

Ndugu zangu, aliigeuza, akaigeuza! Hakuna! Fundi alitumia kipande cha chuma kinachosukumwa na maji, maana maji yetu huku ni ya tope, na yeye ni mtoto wa huku. Tulishinda! Haleluya!

Wale walionicheka sasa wananipigia simu: "Dada, hebu tueleze, hii mashine inafanyaje kazi?" Nawaeleza kwa raha zangu zote.

Asante Mungu! Asante mama yangu, uliyenitoa kitandani kila baragumu lilipolia. Msaragambo ujao nashuka kwenye ndiva na koleo langu. Nawe unayeambiwa huwezi, njoo usimame kando yangu, umtumaini Bwana. Aliniona mle, tope likiwa magotini, na wewe anakuona!