Kura ya Vikombe Juu ya Uvimbe wa Dada

Benchi hili ni langu, na nimechoka nalo. Nililiweka nje ya chumba changu cha kushonea ili wateja wakae wakingoja nguo zao. Sasa wateja wanasimama juani, na waliokaa ni watu watatu ambao sijawahi kuwashonea hata kifungo. Kuna Sumu, anayeuza dawa ya panya na mende kwa kipaza sauti, na sauti yake haipungui hata kipaza kikizimwa. Kuna Breki, aliyeendesha malori mpaka akastaafu. Kuna Refa, aliyechezesha mechi za mtaani mpaka magoti yakamkatalia. Kahawa napika mimi, kwa sababu siku moja niliwaonea huruma na tangu hapo sijajua namna ya kuacha. Na wana desturi yao: jambo likiletwa benchini haliondoki bila kura ya vikombe. Unayekubali unakiacha kikombe chako wima, unayekataa unakifudikiza. Kwa njia hiyo wameshaamua ndoa za watu, rangi za milango, na nani akae golini. Asubuhi hiyo akaja shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti. Akaketi, akasema ana jambo. Nililijua jambo lenyewe, na nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa.

— Dawa inafanya kazi, akasema Shemeji. Uvimbe wa mke wangu umepungua nusu. Halafu daktari anasema tuiache.

— Muache nini? akauliza Sumu.

— Dawa. Tuisimamishe. Kwa sababu inafanya kazi.

Breki akanigeukia mimi dirishani, nilipokuwa napiga pasi.

— Fundi, wewe ulikuwepo?

— Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempeleka, maana huyu bwana alikuwa na geti la mtu.

— Basi tueleze.

Nikawaeleza polepole, maana nawajua. Daktari alikuwa na binti mmoja wa hesabu na kompyuta yake. Binti akasema seli za ule uvimbe si za aina moja. Nyingi zinauawa na dawa, lakini zipo chache sugu, zimeshaizoea. Ukimwaga dawa bila kupumzika, zile dhaifu zinakwisha, zinabaki sugu tupu, zina nafasi, zina chakula, hakuna wa kuzibana. Ukisimamisha kwa muda, zile dhaifu zinarudi, na kwa kuwa zinakua upesi, zinazibana zile sugu. Kisha unaanza dawa tena. Kazi yake binti ni kupiga hesabu ya jinsi seli zinavyobadilika kufuata mazingira yao, ili daktari ajue lini aache na lini aanze. Uvimbe hautakwisha, ila dada ataishi nao muda mrefu zaidi. Huenda. Alisema huenda, hakuficha, na mimi nikamwamini kwa sababu hiyo. Jibu linatakiwa leo mchana.

— Mimi nikianza kukwangua kutu, akasema Shemeji, siachi katikati nikaisubiri irudi.

— Umesema kweli, akasema Sumu. Mimi haya mambo ya kuzoea ndiyo kazi yangu. Mteja akija kulalamika mende hawafi, namwambia nini? Ongeza. Weka vifuniko viwili. Hawafi? Weka vinne.

— Na wakizidi kutokufa?

— Nahamia mtaa mwingine.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuwa anatania.

— Tatizo hapo ni mazingira, akasema Breki. Fundi kasema mwenyewe. Seli zimeyazoea. Basi mhamisheni mgonjwa. Leo alale chumbani, kesho sebuleni, keshokutwa hapa kwa mdogo wake. Seli zikiamka hazijui ziko wapi.

— Hapa pana chumba kimoja na cherehani, nikasema.

— Ndiyo vizuri. Zitachanganyikiwa zaidi.

— Hamjui mchezo nyie, akasema Refa. Kila timu ina nahodha. Hizo sugu haziwezi kujipanga zenyewe, ipo moja inayozipanga. Huyo binti badala ya kuchora mistari kwenye kompyuta angemtafuta nahodha, akamtoa nje.

— Atamjuaje?

— Ndiye atakayekuwa anabishana.

Pasi niliibana chini kwa hasira mpaka nikasikia harufu. Suruali ya mtu, na ya harusi. Nikaiinua haraka, nikawaambia wazi:

— Mnanichosha. Huyo ni dada yangu. Amenibeba mgongoni huyo. Si mchezo wa mpira wala si mende.

— Na ndiyo maana tunalishughulikia, akasema Sumu, akaninyooshea kikombe nimwongeze.

Nikamwongeza. Sijui kwa nini.

— Hamjajiuliza jambo moja, akaanza tena Breki, safari hii akishusha sauti. Kama seli zimejifunza dawa, zitashindwaje kujifunza hesabu? Huyo binti akishapanga kwamba Jumatatu tunaacha, Alhamisi tunaanza, zenyewe si zitakuwa zinangoja Alhamisi? Inabidi kompyuta idanganywe. Iandikwe Alhamisi, dawa itolewe Jumamosi.

— Seli zinasoma kalenda?

— Sijasema zinasoma. Nasema tuchukue tahadhari.

— Hata mende wangu hawakufika huko, akasema Sumu, lakini nikamwona anafikiri.

Shemeji alikuwa amejiinamia, mikono kati ya magoti. Alipozungumza alizungumza na ardhi.

— Mimi sitaki huenda. Nataka kiondoke hicho kitu. Naogopa, jamani. Nikisema tuache, kikakua, nitaishi vipi na maneno yangu? Nikisema tuendelee, zikabaki hizo sugu, nitaishi vipi? Silali. Nipigieni kura, nifanye mtakavyosema.

Hapo hasira yangu yote ilinywea. Mtu mzima, anashika chuma kilichoiva kila siku, anaomba vikombe vimsaidie. Ningemkumbatia kama nisingekuwa nataka pia kumzaba kofi.

— Swali, akasema Refa, akisimama kama yuko katikati ya uwanja. Dawa isimamishwe? Ndiyo wima, hapana fudikiza.

Sumu akafudikiza, kahawa iliyobaki ikamwagika kwenye benchi langu. Refa akasema refa hapigi kura, kisha akafudikiza. Breki alikiacha chake wima, tukadhani amekubali, kumbe alikuwa hajamaliza kunywa. Akamaliza, akafudikiza. Mimi nilisema sishiriki upuuzi huu.

— Basi, akasema Shemeji. Nitamwambia daktari tunaendelea.

Dada akatokea wakati huohuo, amejifunga khanga yake ya kutokea, tayari kwa hospitali. Alikuja akipapasa ukuta wa nyumba za watu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama anayepita kwenye matope. Amevaa soksi nene za mumewe ndani ya ndara. Ile dawa imemfanya nyayo ziwake moto usiku, na mchana asihisi kabisa anachokanyaga.

— Shikamoo, mzee, akamwambia Breki. Hamjambo wengine?

Tukaitikia, wakasogea pembeni ili apate pa kukaa. Hakuwahi kukaa benchini pale. Akavitazama vikombe.

— Mmenipigia kura?

— Si wewe, shemeji, akasema Refa. Dawa.

— Na kimeshinda nini?

— Tunaendelea nayo, akasema mumewe, bila kumtazama.

Sumu hakuweza kujizuia. Akamwelezea dada, na kwa sauti ile ile ya kuuzia sumu, kwamba seli zinaishi kwa kuzoea mazingira, kwa hiyo cha kupiga ni mazingira, yapigwe bila huruma mpaka zikose pa kushika. Breki akaongeza kwamba yahamishwehamishwe. Refa akasema yadhibitiwe. Dada aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza mimi nikiwa mdogo nikimdanganya.

— Hayo mazingira, akauliza, ndiyo yapi?

Aliuliza kwa upole, anataka kujua. Sumu akafungua mdomo. Macho yake yakashuka kwenye zile soksi, akaufunga. Breki akatazama barabara iliyokuwa tupu. Refa, ambaye ana jibu la kila kitu, akakaa chini taratibu. Na mimi niliyekuwa nimeelezwa yote na binti wa hesabu mwenyewe, ndipo nikaona kwamba mazingira hayo ni mwili wake.

Dada akangoja. Mumewe akamgeukia.

— Wewe unataka nini? akauliza Shemeji, sauti imemkauka. Sikukuuliza.

— Nataka nikikanyaga chini nijue nimekanyaga, akasema dada. Hata kama ni mwezi tu. Huyo binti kasema huenda, na mimi huenda yake naichukua.

Shemeji akajifuta uso kwa mkono wote.

— Basi nitamwambia daktari hivyo.

— Nitamwambia mwenyewe, akasema dada akijiinua. Wewe nishike mkono, hapo mbele kuna ngazi.